Intaki ya hewa baridi inaposumbua: dalili, vyanzo na dawa kwa magari ya Mwanza

Malalamiko baada ya kufunga intaki ya hewa baridi, yaani bomba na filta ya kununua badala ya boksi la filta la kiwandani, hufanana. Taa ya cheki injini imewaka, gari limekosa sailensi (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta), linakunywa mafuta kuliko zamani, au limekuwa zito kuliko lilipokuwa na boksi lake la kiwandani. Wengi hukimbilia kulaumu filta, ilhali filta yenyewe ni nadra kuwa na kosa. Karibu kila mara tatizo ni moja kati ya haya matatu: kuna hewa inaingia kwenye injini bila kuhesabiwa na kompyuta ya gari, kuna hewa inahesabiwa vibaya, au hewa inayoingia ni ya moto. Ukishajua gari lako limeangukia wapi, hutabadilisha vifaa kwa kubahatisha.

Vifaa vya kutafutia ugonjwa ni vichache: kifaa cha ELM327 cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, pamoja na simu yenye programu ya kusomea, kalipa ya kupimia kipenyo, bisibisi, spana namba 10, mita ya umeme, na karai la maji. Msimbo wa kosa peke yake hautoshi. Unachokihitaji ni namba zinazotembea wakati injini inawaka.

Kwanza, gari lako linahesabuje hewa?

Kuna magari yenye MAF, ile sensa inayokaa kwenye mfuniko wa boksi la filta au kwenye bomba linalofuata, ikipima uzito wa hewa inayopita. IST, Probox na Vitz zenye injini ya 1NZ-FE ziko kundi hili. Kwenye Toyota nyingi soketi yake ina nyaya tano: tatu za MAF na mbili za sensa ya joto la hewa iliyojengwa humohumo. Na kuna magari yenye MAP, inayopima presha ndani ya manifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Carina Ti zenye injini za 5A na 7A ni mfano. Gari la MAP halijali sana kipenyo cha bomba ulilofunga, na mpira ukivuja kabla ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) halishtuki. Linachopata ni vumbi tu. Gari la MAF linajali kila kitu. Sehemu kubwa ya yanayofuata inalihusu hilo.

Taa imewaka, msimbo ni P0171, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda na kushuka

P0171 maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Kwenye injini ya V6 (silinda sita, tatu kila upande) kama ya Mark X utaiona mara nyingi pamoja na P0174, msimbo uleule kwa upande wa pili. Pasha injini hadi ipate moto wake wa kawaida, zima AC, kisha soma STFT na LTFT, yaani marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu. Jumlisha zote mbili. Zikiwa ndani ya asilimia 5 juu au chini, gari ni zima. Hadi 10 linavumilika. Ukiona 20 na kuendelea, kompyuta inaongeza mafuta kwa nguvu kufidia hewa ambayo haikuiona.

Sasa soma mara mbili: injini ikiwa sailensi, kisha ukishikilia 2,500 RPM.

Kama jumla ni +20 kwenye sailensi na inashuka hadi +5 au chini ukikanyaga, mwanya uko baada ya throto: gasketi ya manifoldi, mpira wa vakyumu uliochomoka wakati wa kufunga, au brida, hosi ya kupumulia injini. Sababu ni hesabu tu. Injini ya lita 1.5 kwenye sailensi inavuta takriban gramu 2 hadi 3 za hewa kwa sekunde, kwa hiyo uvujaji wa nusu gramu ni mkubwa mno. Ukikanyaga inavuta mara kadhaa ya hapo na nusu gramu ileile haionekani tena.

Kama namba iko juu kote, au inazidi kupanda kadiri unavyokanyaga, angalia mpira ulio kati ya MAF na throto, kipenyo cha bomba, na MAF yenyewe kama ni chafu. Mpira uliopasuka hapo una tabia yake: gari likisimama liko salama, ukiondoka kwa nguvu injini inajitikisa kwenye maunti zake, ufa unafunguka, gari linamisi. Ukifika gereji na kufungua boneti hakuna kinachoonekana. Ushike mpira kwa mikono miwili uupinde huku na huku, hasa upande wa chini ambako macho hayafiki. Na kabla ya kulaumu intaki, kumbuka pampu ya mafuta iliyochoka huleta namba zilezile. Kama gari lilikuwa na +12 kabla hujafunga kitu, intaki imelipeleka tu mahali lilipokuwa linaelekea. Ndiyo maana inafaa kusoma namba siku moja kabla ya kufunga, uwe na cha kulinganisha.

Mkosaji tunayemkuta mara nyingi kuliko wote ni hosi ya brida. Kwenye gari la kiwandani, hosi hiyo inatoka kwenye kava ya tapeti na kuingia kwenye bomba la hewa baada ya MAF. Hewa safi iliyokwisha kuhesabiwa inapita humo, inashuka kwenye krankesi (tumbo la injini lenye oili), kisha vali ya PCV inairudisha kwenye manifoldi. Bomba la kununua likiwa halina tundu la hosi hiyo, watu hufanya moja kati ya mambo mawili. Wengine huchomeka kifilta kidogo kwenye kava na kuona kinapendeza. Hapo injini inavuta hewa kupitia kifilta hicho bila MAF kujua, marekebisho yanapanda kwenye sailensi, na juu ya kava kunakuwa na ukungu wa oili. Wengine huziba kabisa, na hilo ni baya zaidi: presha ya krankesi ukikanyaga sana inakosa njia na oili inaanza kutafuta pa kutokea kwenye sili. Dawa ni moja. Toboa bomba jipya baada ya MAF, weka nipo ya kipenyo kilekile cha hosi ya zamani, irudishe hosi.

Kutafuta mwanya kwa kupuliza maji au kemikali huku injini inawaka kunasaidia upande wa manifoldi, kwa kuwa kuna mvuto mkali. Kati ya MAF na throto mvuto ni mdogo mno na njia hiyo itakudanganya. Huko toa bomba lote na mipira yake, toa MAF na kuziba tundu lake kwa tepu, ziba mdomo mmoja na tundu la brida, puliza kwa pampu ya baiskeli kwenye mdomo wa pili huku umeuzamisha mzigo wote kwenye karai, kama fundi pancha anavyotafuta tundu kwenye tyubu. Mapovu yatakuonyesha. Usitumie kompresa, klipu zitaruka. Oring ya MAF iangalie kwa macho: ikiwa imekatika au imebanwa upande, ibadilishe.

Jambo moja la mabomba ya kujitengenezea. Gari likiwa na namba nzuri asubuhi na mbovu saa nane mchana baada ya foleni, shuku bomba la plastiki. Bomba la maji la PVC linaanza kulainika likikaribia nyuzi 80, na karibu na ekzosi joto hilo linafikiwa bila shida. Likilainika, klipu inalibinya hadi mdomo unakuwa wa yai na hewa inapita pembeni. Likipoa haliurudii uduara wake sawasawa. PVC itumie kupima mikunjo, ukipata umbo peleka kwa fundi alitengeneze kwa alumini.

Bomba limefungwa vizuri, halivuji, bado namba ziko juu

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotelea. MAF haipimi hewa yote inayopita. Inapima kijisehemu cha katikati ya bomba, halafu kompyuta inazidisha kwa kuamini kwamba bomba ni la kipenyo kile cha kiwandani. Ukibadilisha kipenyo bila kubadilisha hesabu, kompyuta inadanganyika.

Chukua kalipa, pima kipenyo cha ndani pale MAF ilipokuwa imekaa mwanzo, kisha pima bomba jipya hapohapo. Gawanya kikubwa kwa kidogo, zidisha jibu kwa lenyewe. Tuseme la zamani ni mm 63 na jipya ni mm 70: 70 ÷ 63 ni 1.11, na 1.11 × 1.11 ni takriban 1.23. Bomba jipya lina nafasi zaidi kwa asilimia 23, kwa hiyo hewa inapita polepole mbele ya sensa, na kompyuta inaona kama asilimia 81 tu ya hewa halisi. Itajaribu kurekebisha kwa +23. Kompyuta nyingi huwasha taa marekebisho yakiwa kati ya 25 na 35, kwa hiyo gari hilo linaishi ukingoni, na uvujaji mdogo wowote unawasha taa. Milimita saba tu.

Hatari haiko kwenye taa. Kwenye mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi inasahihisha na gari linaenda. Ukikanyaga hadi chini kupanda mlima na mzigo, kompyuta inaacha kuisikiliza sensa hiyo na kutegemea hesabu zake, ambazo sasa ni pungufu. Mafuta hayatoshi wakati injini inayahitaji zaidi, na unasikia mlio wa kugonga, tiki-tiki-tiki, chini ya boneti. Pistoni huharibikia hapo. Kipenyo kikiwa kidogo kuliko cha mwanzo mambo yanageuka: marekebisho yanakuwa hasi, moshi unanukia petroli, plagi zinakuwa nyeusi.

Dawa ya uhakika isiyohitaji kuprogramu kompyuta ni kutumia nyumba ya MAF ya kiwandani. Nenda kwa wauza spea za magari yaliyokatwa, nunua boksi la filta bovu la gari kama lako, kata kipande cha bomba chenye kiti cha MAF, kisha kiunge kwenye bomba lako kwa mipira ya silikoni pande zote mbili. Sehemu nyingine za bomba zinaweza kuwa pana. Pale penye sensa pabaki vilevile. Wapo watakaoona si maridadi. Ni kweli, ila gari litawaka sawa kila asubuhi.

Ukiamua kuchomelea kiti kipya, mambo manne yawe sahihi. Mshale ulio kwenye sensa uelekee throto. Tundu dogo la kupimia likae katikati ya bomba. Kiti kikiwa kirefu sensa inabaki juu, karibu na ukuta ambako hewa ni ya polepole. Kuwe na sehemu iliyonyooka isiyopungua sentimita 15 kabla ya sensa, kwani ikiwekwa mara tu baada ya kona hewa inafika imejipinda, namba za gramu zinarukaruka na P0101, msimbo wa MAF kusoma visivyo, inaweza kujitokeza. Wakati mwingine kuzungusha tu bomba ili sensa isikae upande wa nje wa kona kunamaliza tatizo. La nne, cheche za kuchomelea. Vijipande vya chuma vilivyoganda ndani ya bomba vitabanduka siku moja vielekee kwenye throto. Sugua ndani kwa brashi ya waya, osha, kausha, ndipo ufunge. Kwa alumini mtafute fundi mwenye mashine ya gesi ya agoni. Wapo karakana za Nyakato. Fimbo ya kawaida ya kuchomelea itatoboa bomba jembamba.

Sensa chafu ni hadithi fupi. Dalili yake ni gramu chache kuliko inavyotakiwa: injini ya 1.5 yenye moto ikisoma chini ya gramu 1.5 kwenye sailensi, AC imezimwa, na hakuna uvujaji, isafishe. Chanzo cha kawaida ni filta ya pamba iliyolowekwa oili kupita kiasi; oili inaruka, inanasa kwenye waya, vumbi linagandia. Tumia dawa ya kupuliza ya MAF pekee, puliza bila kugusa, acha ikauke dakika 15. Dawa ya breki na ya kabureta huacha mabaki au kula plastiki. Pamba ya masikioni inakata waya. Hewa ya kompresa ya fundi pancha inakata waya pia, na ukishakata hakuna kuunga.

P0102, P0113, au gari linazima sekunde chache baada ya kuwaka

Misimbo hii ya MAF na ya sensa ya joto la hewa mara nyingi ina maana kwamba soketi haijaingia vizuri, au waya umevutwa ukakatika ndani ya plastiki kwa sababu bomba jipya limeipeleka sensa mbali na ilipokuwa. Soma joto la hewa kwenye simu. Ukiona nyuzi -40 huku umesimama Buzuruga saa sita mchana, hakuna mjadala, waya umekatika mahali. Ukiona zaidi ya 130, nyaya zimegusana. Kwa sensa nyingi za Toyota, mita ikiwekwa kwenye pini mbili za joto inatakiwa isome takriban kilo-omu 2.2 hadi 2.7 kwenye nyuzi 20, na kushuka hadi karibu nusu kilo-omu kwenye nyuzi 60. Unga waya kwa kuchomelea risasi, acha urefu wa ziada wa vidole vinne ili injini ikitikisika usivutike.

Magari yenye sensa ya joto iliyojitenga, kama yale ya MAP, yanakuwa na kosa lingine: boksi limetolewa na sensa imeachwa ikining'inia karibu na injini. Taa haiwaki. Kompyuta inaamini hewa ni ya nyuzi 60, inapunguza mafuta na kuchelewesha moto wa plagi. Gari linakuwa butu bila sababu inayoonekana. Tafuta raba ya kubania, toboa bomba, irudishe sensa ndani.

Gari zito, hasa mchana na kwenye foleni

Filta ya koni iliyo wazi nyuma ya rejeta haivuti hewa baridi hata ikiandikwa hivyo kwenye kasha. Inavuta hewa ambayo feni imekwisha kuipitisha kwenye rejeta. Kipimo ni rahisi. Mwanza mchana ni nyuzi 28 hivi. Ukiwa kwenye mwendo wa 60 kwa saa kuelekea Igoma, joto la hewa linaloingia linatakiwa liwe 33 hadi 38. Foleni ikishika litapanda, na kila intaki hupanda. Swali ni je, ukishaanza kutembea linashuka ndani ya dakika moja au mbili? Likibaki 55 au 60 una intaki ya hewa ya moto.

Hasara yake inahesabika. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 35 kwa takriban asilimia 7 na nusu. Hiyo ni nguvu iliyopotea na ni zaidi ya faida yoyote utakayopata kwa bomba laini lenye mng'aro. Sauti nzito ya filta ya wazi ndiyo inayowadanganya watu kwamba gari limepata nguvu.

Kinga: kata bati la alumini la mm 1 hadi 1.5, liinue kati ya filta na injini hadi liguse boneti, ukingo wake wa juu uvalishe raba ya mlango ya gari lililokatwa ili boneti ikifungwa izibe. Kisha leta hewa kutoka mbele kwa hosi ya kukunjika ya mm 75, mdomo wake ukae nyuma ya grili lakini mbele ya rejeta. Sehemu ya chini kabisa ya hosi toboa tundu la mm 6 maji yatokee. Bati bila hosi ya kuleta hewa ni pambo. Filta iliyofungiwa bila njia ya hewa baridi itavuta ya moto kupitia nyufa.

Kwa IST au Probox ya shughuli za kila siku maoni yetu ni haya: baki na boksi la kiwandani, weka filta mpya ya karatasi, na hakikisha pua ya boksi inafika mbele na haijakatika. Pua hiyo hutupwa na mafundi wakiwa na haraka ya kufikia kitu kingine, na magari mengi yanaishi bila hiyo. Kuirudisha kunaleta sehemu kubwa ya faida ya intaki kwa gharama ndogo.

Gari limepoteza nguvu tangu litoke Dar

Hili huletwa kama ugonjwa wa intaki na si ugonjwa. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Mwanza yote iko hapo au juu zaidi. Presha ya hewa ni kama kPa 88, wakati Dar ni kama 101. Injini isiyo na tabo inapata hewa pungufu kwa asilimia 12 au 13 na nguvu inapungua karibu hivyohivyo. Hakuna filta inayoongeza presha ya anga. Anayekuuzia intaki kama dawa ya mwinuko anakuuzia sauti.

Lakini namba hiyo ya 88 ni kipimo kizuri cha bure. Kwenye gari lenye MAP, washa swichi bila kuwasha injini na usome MAP. Mwanza inatakiwa ionyeshe 87 hadi 89 hivi. Ikionyesha 100 hapa, sensa inadanganya, na gari litakula mafuta hata ukifunga intaki ya dhahabu.

Filta inaziba kabla ya muda wake

Wakazi wa pwani ya ziwa wanawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kwa makundi hadi anga inakuwa nyeusi, wengi zaidi siku za mwezi mwandamo. Dereva anayepita barabara ya uwanja wa ndege au Capri Point jioni, taa zimewaka, anawakusanya. Kwenye boksi la kiwandani wengi hunasa kwenye kona za pua. Filta ya koni iliyo nyuma ya grili inawapokea moja kwa moja, wanatengeneza utando wenye mafuta usiopita hewa, na ukiuacha unyevu ukaukia humo unakuwa kama gundi. Ongeza vumbi la kiangazi, Juni hadi Septemba, kwa anayeingia barabara za vumbi za Magu au Sengerema, na ratiba ya kubadilisha filta kila kilomita 20,000 haina maana tena. Ifungue kila kilomita 2,500, na kila baada ya wimbi la wadudu.

Filta ya karatasi pulizia kutoka ndani kwenda nje kwa presha ndogo, bomba la kompresa likiwa mbali kidogo. Ikishakuwa na doa la mafuta au imelowa, tupa. Filta ya pamba ioshe kwa maji ya bomba na sabuni laini, pia kutoka ndani kwenda nje, ikauke kivulini hadi ndani kabisa. Kisha oili yake maalumu, mstari mmoja mwembamba juu ya kila kunjo, subiri dakika 20, ongeza palipobaki peupe tu. Usitumie petroli wala oili ya injini.

Wavu wa mbu wa madirishani unasaidia kuzuia wadudu ukiutandaza kwenye grili, eneo pana. Usiuweke ndani ya bomba. Ukikatika, vipande vinaenda kwenye vali.

Filta inayopitisha vumbi ni hatari kuliko iliyoziba, kwa sababu gari linaendelea kwenda vizuri huku ringi zikilika. Inua filta juani: ukiona vitone vya mwanga mkali, huenda pamba yake ni nyepesi. Baada ya wiki moja ya matumizi pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba, kati ya filta na MAF. Kikitoka na rangi ya udongo, filta haifai au mdomo wake haujabana. Fanya hivyo hivyo dukani kwa filta ya bei ya chini: iangalie kwenye mwanga, bonyeza mdomo wa raba uone kama unarudi, na pima mdomo kwa kalipa badala ya kuamini lebo. Seti ikiwa na mabomba, angalia kama ncha zina ukingo ulioinuka wa kuzuia mpira usiteleze, kama lina tundu la brida, na kama kiti cha MAF kinalingana na sensa yako. Seti isiyo na hayo matatu iache.

Milio

Mngurumo mzito ukikanyaga ni wa kawaida. Mluzi mwembamba ni mwanya mdogo, mara nyingi klipu. Kugonga kwenye matuta ni bomba linaloguswa na boneti. Paka chokaa juu ya bomba, funga boneti, fungua uone alama. Ufa unaorudi kila ukichomelea maana yake bomba limefungwa kwenye bodi pande zote mbili wakati injini inacheza. Breketi iwe moja, upande wa filta, yenye raba. Upande wa throto mpira wa silikoni pekee.

Baada ya kurekebisha lolote, futa msimbo kwa simu au toa waya hasi wa betri dakika 10. Kisha kompyuta ijifunze upya; safari ya Magu na kurudi inatosha. Namba za LTFT za dakika tano za kwanza hazina maana.

Filta imelowa

Filta iliyoshushwa nyuma ya bampa ndiyo inayopata hewa baridi kuliko zote, na ndiyo ya kwanza kufikiwa na maji. Mto Mirongo ukifurika Mabatini, maji ya magotini yanatosha. Pima kwa futi kutoka ardhini hadi chini ya filta na uikumbuke namba hiyo. Wimbi la gari lililo mbele linaongeza sentimita kadhaa. Kwa anayeishi bondeni, filta ibaki juu, usawa wa taa au zaidi.

Filta ya karatasi iliyolowa inavimba na kuziba: gari linakosa pumzi, halipandi RPM. Hali hiyohiyo hutokea baada ya kuoshewa injini kwa pampu. Itoe, weka nyingine, kausha bomba. Lakini gari likizima ghafla ndani ya maji usijaribu kuwasha tena, hata mara moja. Maji yakiwa ndani ya silinda hayabanwi, na stata ikisukuma, fimbo ya pistoni inapinda. Lisukume hadi pakavu, toa waya hasi wa betri, fungua bomba la hewa. Ukiona maji baada ya filta, toa plagi zote, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na soketi za koili, rudisha betri, kisha piga stata sekunde tano tano hadi maji yakome kuruka matunduni. Vuta kijiti cha oili. Ikiwa ya rangi ya maziwa, mwaga oili na ubadilishe filta yake kabla ya kurudisha plagi, na uimwage tena baada ya kilomita mia chache.